Kupanda Kanisa Jipya: Anza na Wanafunzi, Ibada Itafuata

Mtu akishapata mzigo wa kupanda kanisa, yaani msukumo moyoni wa kuanzisha kanisa jipya mahali fulani, mara nyingi kitu cha kwanza anachotafuta ni ukumbi, na cha pili ni vyombo vya muziki. Mimi pia nilianza hivyo. Siku ya ufunguzi viti vilijaa, tukamshukuru Mungu kwa machozi. Miezi michache baadaye nilikaa na daftari la mahudhurio nikaandika pembeni ya kila jina mahali mtu huyo alikotoka. Huyu alikorofishana na mchungaji wake, huyu ni mwimbaji tuliyemwomba atusaidie, huyu alikuja kuona tu. Nilifika ukurasa wa mwisho bila kumpata hata mmoja ambaye hakuwa akimjua Kristo kabla ya kukutana nasi. Kabla ya mwaka kwisha, wengi walikuwa wameondoka kama walivyokuja.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali kabisa na ibada ya kwanza. Katika Mathayo 28 Yesu aliwaagiza wafuasi wake kuwafanya watu kuwa wanafunzi, kuwabatiza na kuwafundisha kushika yote aliyoamuru. Wanafunzi wakipatikana, watakusanyika, na hapo kanisa lipo. Ukigeuza mpangilio huo, utajikuta unatumia nguvu zako zote kuendesha ibada, na kazi ya kulea watu inabaki kuwa ahadi ya mwaka ujao.

Hatua ya 1: Utumwe, usijitume

Soma Matendo 13:1-3 taratibu. Barnaba na Sauli (ndiye Paulo) waliitwa na Roho Mtakatifu, lakini walikuwa ndani ya kanisa la Antiokia, wakihudumu pamoja na wenzao. Kanisa lilifunga, likaomba, likawawekea mikono, likawaachia waende. Wito wao ulisikiwa na watu wengine pia.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mshirika yeyote kuhusu mpango wako, nenda kwa mchungaji wako. Mweleze mzigo ulio nao na umwombe akupime. Kubalianeni mambo matatu, na yaandikwe: ni nani kutoka kanisa mama, yaani kanisa linalokutuma, wanaruhusiwa kwenda nawe, kanisa mama litakusaidia kwa nini na kwa muda gani, na wewe utatoa hesabu ya maisha yako kwa nani. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa sana. Mpandaji asiye na mtu wa kumuuliza "ndoa yako ikoje, na maombi yako?" yuko hatarini hata kama anahubiri vizuri.

Kama unaondoka kwa sababu umegombana na viongozi wako, tulia kwanza. Patana nao. Nimeona makanisa yaliyozaliwa kwa hasira, na hasira ile hurithiwa na washirika ambao hata hawajui ilianzia wapi.

Sikiliza pia mwenzi wako wa ndoa. Asiposema amina, hujapata kibali cha kuanza, maana nyumba yako ndiyo itakayokuwa ya kwanza kubeba uzito wa kazi hii. Paulo anamwandikia Timotheo (1 Timotheo 3:5) kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu.

Hatua ya 2: Lijue eneo kwa miguu

Tenga wiki kadhaa za kutembea tu. Tembea alfajiri, watu wanapokwenda kazini. Tembea jioni wanaporudi. Tembea Jumapili asubuhi uone ni nani hawaendi popote. Beba daftari dogo, na ukifika nyumbani andika uliyoyaona: wazee wanaokaa peke yao, vijana wasio na shughuli, lugha unazozisikia, watu wenye ulemavu ambao hakuna jengo la ibada wanaloweza kuliingia bila kubebwa, wafanyakazi wa zamu ya usiku wanaolala wakati wenzao wanaimba.

Kisha uliza. Maswali matatu yananitosha mpaka leo: Watu wa hapa wanahangaika na nini zaidi? Nani huwasaidia wakati wa shida? Kama kungekuwa na watu wa kuwaombea jirani zako, ungetaka waombee nini? Hilo la mwisho hufungua milango ambayo mahubiri ya barabarani hayaifungui. Mtu akishakutajia jina la mwanawe anayeumwa, umekwisha kuwa na sababu ya kurudi.

Katika Luka 10 Yesu anawatuma wanafunzi wawili wawili na kuwaambia wakipata mwana wa amani wakae katika nyumba hiyo hiyo, wasihamehame. Mtafute mtu wa namna hiyo: anayekukaribisha, anayeheshimiwa na majirani, na anayekuunganisha na wengine. Huko Filipi alikuwa Lidia, mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau. Nyumba yake ndiyo iliyowapokea Paulo na Sila hata walipotoka gerezani.

Watembelee wachungaji waliokutangulia hapo. Waambie wazi unachokusudia, na uwaahidi kwamba hutawachukua washirika wao. Paulo alijiwekea mpaka huo katika Warumi 15:20, asijenge juu ya msingi wa mtu mwingine. Ukikuta eneo lina makanisa yanayofanya kazi nzuri na mitaa ya jirani haina hata moja, uwe tayari kubadilisha ramani yako.

Hatua ya 3: Kusanya watu wachache wa kuanza nao

Watu 6 hadi 12 wanatosha. Tafuta wanaoomba, wanaosikiliza, wanaotunza siri na wanaopenda majirani zao. Mwenye kipaji cha jukwaani lakini hana subira na mtu mgumu atakuchosha mapema. Akila na Priskila walikuwa mafundi wa mahema. Walimpokea Paulo kazini na nyumbani huko Korintho, na baadaye walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Watu wawili wa namna hiyo wana thamani kuliko kwaya nzima.

Kutaneni kila wiki kwa miezi kadhaa kabla ya tangazo lolote la hadharani. Ombeni kwa majina ya watu mliokutana nao mitaani. Someni Matendo ya Mitume yote. Andikeni ukurasa mmoja tu wa makubaliano: tunaamini nini, tunaitwa kwa nani, tutaishije sisi kwa sisi, na tutafanya nini tukikosana. Msiruke hilo la mwisho. Mtakosana, na ni heri mkubaliane njia ya Mathayo 18 (mwendee aliyekukosea mkiwa wawili tu, kisha pamoja na mashahidi, kisha mbele ya kanisa) wakati bado mnapendana.

Hatua ya 4: Lea wanafunzi, mmoja mmoja na wachache wachache

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Marko 3:14 inasema Yesu aliwachagua kumi na wawili wawe pamoja naye, na kisha awatume. Kuwa pamoja kulitangulia. Huwezi kumlea mtu ambaye unamwona saa mbili kwa wiki, wewe ukiwa madhabahuni na yeye kiti cha nyuma. Paulo anawakumbusha wazee wa Efeso, yaani viongozi wa kanisa la huko, kwamba kwa miaka 3, usiku na mchana, hakuacha kumwonya kila mmoja kwa machozi. Neno "kila mmoja" ndilo linalonigusa.

Anza na watu watatu au wanne, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, pamoja na wewe au kiongozi mwingine. Chagueni Injili moja. Mimi napenda Marko kwa sababu ni fupi na inakwenda mbio. Someni kifungu kifupi kwa sauti, mara mbili. Mmoja akisimulie bila kuangalia kitabu, na wengine wajazie alichosahau. Halafu ulizeni: Hapa tunajifunza nini kuhusu Mungu? Tunajiona wapi wenyewe? Wiki hii nitatii nini? Nitamsimulia nani habari hii?

Mkikutana tena, jambo la kwanza, hata kabla ya kusoma, ni kuulizana: "Ulitii?" Ulizeni kwa upole, lakini ulizeni. Swali hilo ndilo linalotofautisha kundi la kulea wanafunzi na darasa la Biblia. Watu wengi tumefundishwa kwa miaka bila mtu kutuuliza hata mara moja kama tulilifanya lile tulilolisikia.

Nakumbuka mzee mmoja katika kundi letu. Wiki nne mfululizo zamu yake ya kusoma ilipofika alisema amesahau miwani. Wiki ya tano, wenzake walipokuwa wakiaga, aliniambia polepole, "Mchungaji, mimi kusoma sijui." Nikamwambia, "Mzee wangu, basi kuanzia leo wewe ndiwe msimulizi wetu." Wiki iliyofuata tulisoma habari ya mtu aliyepooza aliyeshushwa kupitia dari. Mzee alifumba macho, akaisimulia yote, na alipofika pale Yesu anaposema "umesamehewa dhambi zako" sauti ikakatika. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe, ambaye alikuwa hajakanyaga ibada yoyote kwa miaka mingi. Baadaye mke naye alibatizwa. Usimfungie nje mtu asiyejua kusoma. Habari Njema ilitembea kwa masimulizi kwa karne nyingi kabla watu wa kawaida hawajawa na vitabu nyumbani.

Kanisa la kale lilichukua malezi kwa uzito ambao sisi tumeupoteza. Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo, unafundisha kwanza njia mbili, ya uzima na ya mauti, ndipo unaeleza ubatizo, na anayebatizwa anafunga siku moja au mbili kabla. Mapokeo ya Kitume, maandishi yanayohusishwa na Hipolito wa Roma, yanataja miaka 3 ya mafundisho kwa wanaojiandaa kubatizwa, na yanasema kinachopimwa ni mwenendo wa mtu zaidi ya muda. Sisemi usubiri miaka 3. Mlinzi wa gereza walimofungwa Paulo na Sila kule Filipi alibatizwa usiku ule ule alioamini. Nasema tu kwamba mtu akishabatizwa, lazima awepo wa kutembea naye.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na zama zetu. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeongoza mwanzo wa Umethodisti, waligawanywa katika vikundi vya watu kama 12, mwanzoni ili kukusanya senti moja kwa wiki kutoka kwa kila mtu kulipia deni la jengo. Viongozi walipoanza kuwazungukia watu majumbani waligundua nani anaumwa, nani ameanguka, nani ana njaa ya Neno. Mpango wa kulipa deni ukageuka kuwa uti wa mgongo wa uamsho mzima wa Wamethodisti.

Tahadhari moja. Katika vikundi hivi watu watafungua mioyo, na siri zao ni amana. Lakini ukisikia mtoto anadhulumiwa au maisha ya mtu yako hatarini, hiyo si siri ya kutunza. Mlinde anayeumizwa na utoe taarifa kwa vyombo vya sheria. Waambie wanakikundi hivyo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Chagueni hitaji moja mlihudumie

Rudini kwenye daftari lenu la hatua ya pili. Chagueni hitaji moja linalolingana na nguvu zenu, mlihudumie mfululizo kwa mwaka mzima. Inaweza kuwa kuwatembelea wazee wapweke, kuwasaidia watoto masomo ya jioni, au kukaa na familia zilizofiwa hata baada ya waombolezaji kutawanyika. Huduma ndogo isiyokatika hujenga imani kuliko tukio kubwa la siku moja.

Wala msifanye msaada kuwa chambo. Anayesaidiwa asilazimishwe kuja ibadani wala kupigwa picha. Akiuliza kwa nini mnafanya hivi, mjibuni waziwazi kwamba ni kwa sababu ya Yesu, maana kuficha jina lake nako si unyofu. Wanafunzi wapya waende nanyi tangu mwanzo, hata kabla hawajaelewa mengi. Wengi hujifunza kuomba pale wanapoombwa wamwombee mtu mbele yake.

Hatua ya 6: Fungua ibada wakati wake ukifika

Wakati huo utaujuaje? Mimi natazama dalili hizi: kuna vikundi angalau viwili au vitatu vinavyokutana bila wewe kuwepo, kuna watu waliomwamini Kristo hapo hapo na wanataka kubatizwa, na kuna wawili au watatu wengine wanaoweza kufundisha. Zisipokuwepo, endelea na vikundi. Hujachelewa.

Anzeni na ibada moja kwa mwezi, kisha mbili, kisha kila wiki. Matendo 2:42 inataja mambo manne: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na maombi. Hayo yakiwepo, ibada imetimia hata kama mnaimba bila chombo chochote.

Kuhusu jengo, msiwe na haraka. Huko Dura-Europos, nchini Syria, wachimbaji wa mambo ya kale mwanzoni mwa miaka ya 1930 walifukua nyumba ya kawaida ambayo Wakristo wa karne ya 3 waliigeuza kuwa mahali pa ibada. Walivunja ukuta kati ya vyumba viwili wapate ukumbi, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo. Ukuta ulivunjwa baada ya watu kuongezeka.

Watoto wapewe nafasi yao na ulinzi wao. Asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na watoto chumbani. Wawe wawili siku zote, na wanaojulikana vizuri. Mtu aliyehamia jana asipewe darasa la watoto leo, hata akiwa na barua nzuri kiasi gani.

Hatua ya 7: Fedha na sheria

Fedha ziangaliwe na watu wengi kuliko mmoja. Paulo alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu alikubali kufuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asimlaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Fanyeni vivyo hivyo: sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio wa familia moja, palepale kabla ya kutoka, kiasi kiandikwe na wote waweke saini. Akaunti iwe kwa jina la kanisa, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mweka hazina asome taarifa mbele ya washirika kila baada ya miezi mitatu. Mchungaji asishike ufunguo wa sanduku la sadaka. Mimi sishiki, na usiku nalala vizuri.

Fuateni sheria ya nchi yenu kuhusu usajili wa taasisi za dini. Taratibu hutofautiana, kwa hiyo mwulizeni mwanasheria au viongozi wa makanisa yaliyokwisha kusajiliwa. Mtahitaji katiba, na humo muandike wazi jinsi kiongozi anavyochaguliwa na anavyoondolewa. Mali yoyote, hasa ardhi, iandikwe kwa jina la kanisa tangu siku ya kwanza.

Mpandaji mwenyewe ajiandae kufanya kazi ya mikono kwa muda. Paulo alishona mahema Korintho, mji alioishi mwaka mmoja na miezi sita.

Hatua ya 8: Weka wazee, kisha watume wengine

Paulo na Barnaba waliporudi Listra, Ikonio na Antiokia ya Pisidia waliwachagulia wazee katika kila kanisa, wakaomba na kufunga, wakawakabidhi kwa Bwana. Walifanya hivyo katika safari yao ile ile ya kwanza ya kuhubiri Injili. Kwa upande mwingine, 1 Timotheo 5:22 inaonya tusimwekee mtu mikono kwa haraka. Nimejifunza kuyashika yote mawili hivi: mpe mtu kazi mapema, mpe cheo taratibu. Aongoze kikundi, atembelee wagonjwa, ahubiri mara moja moja, nawe ukae naye kesho yake mzungumze yalivyokwenda. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya namna hiyo kanisa zima litakuwa limeshamjua mzee wake kabla hujalitaja jina lake.

Mwaka 1890 John Nevius, mmisionari Mmarekani aliyekuwa akitumika China, aliwatembelea wamisionari vijana huko Korea na kuwashauri kwamba makanisa mapya yajiongoze, yajitegemee na yajieneze yenyewe, kila muumini akifundishwa Biblia na kumfundisha mwingine. Ushauri huo ulifuatwa, na kanisa la Korea likakua chini ya mikono ya Wakorea wenyewe. Ndilo wazo lililomo katika 2 Timotheo 2:2, ambamo vizazi vinne vinahesabika: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao.

Kwa hiyo, kanisa likifikisha mwaka wa pili au wa tatu, ulizeni katika kikao cha wazee: ni mtaa gani unaofuata, na ni nani tutamtuma? Mtakayemtaja atakuwa miongoni mwa watu mnaowahitaji sana, na itawauma. Mwiteni, mpeni miezi ya kutembea mtaa huo na daftari mkononi, mwacheni achague watu wa kwenda naye. Siku ya kuwaaga, fungeni na kuomba, kisha muwawekee mikono kama walivyofanya Antiokia. Jumatatu yake, kaeni na kikundi alichokuwa akikiongoza mtafute kiongozi mpya.